Mtawala Hapazi Sauti

Baba yangu alipokufa sikulia, na nalisema hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asije akadhani namficha jambo. Tulimsafirisha hadi kijijini kwetu karibu na ziwa, tukamzika, nikarudi Eldoret nikafungua duka. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo kwenye agroveti moja mjini. Wateja waliokuja kunipa pole niliwashukuru, kisha nikawauliza kama wanataka mbegu ya nyanda za juu au ile inayokomaa haraka. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, na chakula nilikula kwa sababu saa ya kula imefika.

Kwetu binti wa marehemu haingii bomani kama mgeni wa harusi. Huanza kupiga yowe akiwa langoni, akakimbia huku na huku akimwita baba yake kwa majina ya sifa, na wanawake walio ndani humpokea kwa yowe lao. Mimi niliingia nimebeba kreti ya soda, nikauliza iwekwe wapi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akanivuta nyuma ya jikoni.

"Lia, mama," akaniambia kwa upole. "Hata kidogo tu. Watu wanaangalia."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kikohozi. Shangazi alinitazama kwa muda, akaniacha, na jioni nikasikia wanawake wakisema kwamba mji umenila, kwamba watoto waliozaliwa Eldoret wana mioyo ya mawe. Sikukasirika. Niliona ni maelezo mazuri kama mengine yoyote.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja tu, na sikumwambia mtu. Nilitaka kuisikia sauti ya baba. Picha zake tunazo nyingi: amesimama na makarani wenzake wa kiwanda cha nguo, ameshika Biblia siku ya ubatizo wangu, amekaa nje ya nyumba yetu ya mtaa wa Kapsoya na gazeti la wiki iliyopita. Sauti hatuna. Alikuwa mtu wa kupiga simu, kuuliza "Uko wapi?", na kukata kabla hujamaliza kujibu. Lakini mwaka ule kabla ya kufa alikuwa amecheza filamu, na filamu ilikuwa bado haijatoka. Nikajipa imani kwamba siku nitakayomsikia akiongea, ganzi hii itaniachia. Basi nikangoja, nikiuza mbolea.

Namna alivyoingia kwenye filamu ni kichekesho ambacho sisi wa nyumbani tu ndio tuliokijua.

Watu wa filamu walitoka Nairobi wakitafuta mzee wa kumwigiza mtawala wetu wa zamani, yule ambaye inasemekana aliwazuia wageni kuvuka mto. Walitaka kila kitu kiwe cha kweli. Neno hilo lilikuwa midomoni mwao kutwa: cha kweli, halisi, kama ilivyokuwa. Kisa na maana, filamu nyingine kama hiyo iliyotangulia ilikuwa imewachekesha watu kwa kumwonyesha mfalme mwenye meno yote yanayong'aa, na kwetu zamani mtu mzima alikuwa ameng'olewa meno ya chini ya mbele tangu ujana wake. Wakaja kanisani kwetu, ambako waumini wengi ni watu wa ziwa waliofuata kazi huku, wakaomba kuwaona wazee warefu wenye pengo.

Baba alikuwa mrefu. Pengo pia alikuwa nalo. Mwelekezi wa filamu, mwanamke mwenye umri kama wangu aliyevaa kofia ya sufu hata ndani ya nyumba, alimwomba afungue mdomo, akatazama, na machozi yakamlengalenga.

"Mzee, hii ni historia," akasema.

Haikuwa historia. Babu yangu alikuwa mwinjilisti aliyeapa kwamba mtoto wake hataguswa na chuma cha kung'olea meno, na hakuguswa. Pengo la baba lilitokana na baiskeli. Alikuwa anapeleka gunia la mahindi kinuni, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, na meno yake yakabaki barabarani. Mama alikuwa amesimama hapo hapo wakati mwelekezi anasema vile. Akamtazama baba, baba akatazama dari. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema ukweli, alinijibu kwamba hakuulizwa yalivyotoka, aliulizwa kama hayapo.

Nikawa mtu wa kumsindikiza. Alikuwa na dawa za presha za kumeza kwa saa zake, na mama alikataa kwenda kwa sababu nyingine. Wenzetu wa mtaani walikuwa wameanza kumwita baba kwa cheo cha mtawala, Ruoth, na kwa lugha yetu cheo hicho ndilo neno tunalomwitia Bwana Mungu kanisani. Mama ni mwimbaji wa kwaya. Alisema Bwana anayemjua yeye ni mmoja na hajawahi kumfulia soksi.

Wakapiga filamu huko upande wa Plateau, nje ya mji, kwenye uwanda uliozungushiwa vibanda vya nyasi vilivyojengwa wiki ile ile. Kulikuwa na baridi ya kweli, hiyo sikuwa na shaka nayo. Baba alivishwa ngozi ya chui ambayo ukiikaribia unaona ni kitambaa, na shanga nyingi shingoni, na chini ya shanga wakamfungia kinasa sauti kidogo chenye waya unaopita mgongoni. Akakalishwa kwenye kigoda. Nilimwona akikivuta kigoda kidogo kushoto ili mguu wake mbaya upate kunyooka, na mtu wa kamera akamwambia mwenzake kwamba huyu mzee ana damu ya utawala, ona anavyokaa.

Mimi nilikuwa nimevaa sweta ya manjano. Nikasimama pembeni, karibu na kamera, ili baba aweze kuniona. Kijana mmoja wa taa akaja kuniomba niivue kwa sababu rangi yake ilikuwa inarusha mwanga usoni kwa mtawala. Nikaivua nikaikunja kwenye kikapu pamoja na dawa na chupa ya chai, nikabaki na blauzi.

Shida ilikuja kwenye maneno. Baba alikuwa amepewa hotuba ndefu ya kuwahutubia mashujaa wake kabla ya kwenda mtoni, tena kwa Kiswahili. Mtawala mwenyewe, alipokuwa hai, hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini hilo halikumsumbua mtu. Halisi ina mipaka yake. Usiku na mchana nilikuwa nimemsomesha baba ile hotuba. Mistari ya mwanzo iliingia. Iliyofuata ilikuwa inaanguka njiani. Alipofika mahali pa kusema "wageni hawa", alisimama, macho yakazunguka, akanitafuta kwa uso ambao sikuwa nimewahi kuuona kwake. Ulikuwa uso wa mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake. Wakarudia. Wakarudia tena. Mashujaa wakaanza kupiga miayo, maana wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba ya mahindi na walikuwa wameamka mapema.

Ndipo baba akainua mkono, polepole, kwa heshima zake zote za ukarani.

"Msichana yangu," akamwambia mwelekezi, "kuna kitu mnakosea. Ruoth hapazi sauti. Mtawala wetu hakuwa anaongea na watu hivi hivi kama mwalimu wa gwaride. Alikuwa ananong'onezea msemaji, halafu msemaji ndiyo anatangaza."

Mwelekezi akavua kofia yake ya sufu. Akamuuliza kama ana uhakika.

"Mimi ni mtu wa huko," baba akajibu, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikuwa jibu.

Wakakumbatiana, wale watu wa Nairobi. Mwelekezi akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba akaachiwa maneno machache tu ya nyumbani, ya kuongea na wake zake, na hotuba nzima akapewa mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Turbo, mtu wa makamo mwenye kifua kama ngoma, aliyekuwa ameajiriwa kucheza shujaa asiye na maneno. Aliisoma mara moja akaishika. Baba naye akaambiwa anong'one chochote, maneno yoyote, maadamu midomo inachezacheza, kwa sababu hakuna atakayesikia.

Wakati wa mapumziko nilimpa dawa na chai. "Baba," nikamwambia, "ni kweli hiyo ya kunong'ona?"

"Nani anajua?" akasema. "Babu alikuwa anasema huyo mtawala alikuwa mtu mfupi, anapenda samaki, na anagombana na wake zake mpaka ng'ambo wanasikia. Lakini mimi hayo maneno yao yamenishinda, mama. Kichwa inakataa." Akanywa chai. "Usiambie mama yako."

Sikumwambia. Nilielewa kwamba kichwa kimeanza kumtoka, na nilielewa pia kwamba ameupata mlango wa kutokea kwa heshima, na kumfungia mlango huo lingekuwa jambo la aibu kuliko uongo wenyewe.

Wakapiga. Baba akamwita msemaji kwa kidole. Mwalimu akainama, akatega sikio. Baba akanong'ona kwa muda, uso mzito, macho yameelekea upande wangu kupita kamera. Nikaona mwalimu akiuma mdomo. Halafu akasimama wima, akapasua anga: mtawala amesema hakuna mgeni atakayeuvuka mto huu yeye akiwa hai! Mashujaa wakanguruma. Mwelekezi akalia tena, alikuwa mwepesi wa machozi yule, nami nakumbuka nikimwonea wivu kidogo hata wakati ule.

Walipokata, mwalimu alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Dada, vaa sweta," akasema, akitabasamu. "Baridi ya hapa si mchezo."

Nilimtazama kuanzia ngozi za bandia mpaka viatu vya michezo alivyovificha chini ya nyasi. Nilijua hatua zake zinazofuata: angetaka jina, kisha namba. Nikamwambia sweta nimekatazwa na watu wake wenyewe, na kwamba niko sawa. Akasita kama mtu aliyetaka kuongeza neno, akaangalia nyuma kwa baba, akaenda zake. Sikuivaa. Nilitetemeka mpaka jioni kwa ukaidi tu.

Baba alikufa kabla mvua kubwa za mwaka uliofuata hazijaanza, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nimeshasema tulivyomzika.

Filamu ilitangulia kuonyeshwa Nairobi, na habari zake zikanifikia dukani kupitia redio. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale alikuwa anaisifu. Kwa mara ya kwanza, alisema, tumeonyeshwa mtawala wa Kiafrika alivyokuwa, si kwa macho ya wageni. Akataja lile pengo. Akataja kunong'ona, na akaeleza kwa kirefu maana yake: kwamba neno la mtawala lilikuwa zito mno kutua juu ya watu bila kupitia mdomo mwingine. Nilikuwa nampimia mteja dawa ya kupe. Niliendelea kupima. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, maana juma hilo hilo shangazi alinipigia simu kutoka nyumbani, akaniambia wazee wa kule wamekaa wakakumbuka kwamba ni kweli, mtawala alikuwa ananong'ona, hata kuna mmoja ambaye babu yake ndiye aliyekuwa akinong'onezewa.

Nilifikiri ningecheka. Baba angecheka mpaka akohoe. Nilimwambia shangazi ahsante kwa habari.

Hatimaye ikawekwa mtandaoni. Jumapili moja baada ya kanisa, mvua ikinyesha juu ya mabati ya Kapsoya, niliisimamisha simu yangu kwenye mkebe wa sukari, mimi na mama tukakaa mezani. Mama alikuwa bado na sare ya kwaya. Alikuwa amesema hataangalia, kisha akavuta kiti chake karibu kuliko changu.

Baba akatokea. Alitoka kibandani akiwa ameinama, akanyooka, akasimama mbele ya wake zake, na alikuwa baba mtupu: lile bega moja lililoshuka kidogo kwa kubeba faili miaka yote ile. Nikashika ukingo wa meza. Akafungua mdomo.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Ilikuwa sauti nzuri. Nene, laini, ya mtu wa pwani, mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili, kila herufi mahali pake. Baba yangu maisha yake yote alisema "samba" akiwa na maana ya shamba, na maneno mengine yalimtoka na upepo kupitia lile pengo. Huyu hakuwa na upepo wowote. Midomo ya baba ilikuwa inakwenda na mtu mwingine alikuwa anaongea.

"Huyo ni nani?" mama akauliza.

"Wamemwekea sauti ya mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Labda yake haikuwa ya mfalme."

Mimi nilikaa nikitazama mke wa kwanza wa mtawala, mke wa pili, mzozo wa ng'ombe, mjumbe aliyekuja mbio. Walikuwa wamelitunza pengo la baiskeli na uongo wa kunong'ona kwa sababu ni vya kweli, na kitu pekee ambacho kilikuwa cha baba hakika wamekitupa kwa sababu hakifanani na ukweli. Asiyekuwapo na lake halipo. Nilijua kwamba napaswa kuwa na hasira, nikajitafuta ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, sikuipata. Niliona tu kwamba kungoja kumekwisha, na kwamba kesho ni Jumatatu na mzigo wa mbolea unakuja.

"Zima," mama akasema. "Si yeye."

Nilinyoosha mkono. Hapo hapo ikaingia ile sehemu ya uwanda, kigoda, mashujaa, na baba akiita kwa kidole. Nikakumbuka baridi ile, nikauacha mkono hewani. Mwalimu wa Turbo akainama. Wakawa wamezima ngoma ili watu waone uzito wa jambo. Na kwa kuwa kunong'ona hakukuwa na maneno yaliyoandikwa, yule mtu wa pwani hakuwa amepewa la kusema, na mle ndani ya kimya, kwa mbali, kulikuwa na kitu kama pumzi.

Nikaiondoa simu kwenye mkebe, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikarudisha nyuma, nikaiweka katikati ya sikio langu na la mama. Vichwa vyetu vikagusana. Mvua ilikuwa nyingi. Nikarudisha tena.

"Mwalimu," alikuwa anasema baba, kwa sauti yake, na upepo wake, "ambia huyo msichana yangu avae sweta. Baridi itamwingia kifua. Mimi akisikia kwangu atakataa."

Na mwalimu akanyooka, akatangaza vita.

Mama ndiye aliyenitoa sikioni ile simu. Aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili. Alikuwa hatazami kitu.

"Sweta gani?" akauliza.

"Ya manjano."

"Ulivaa?"

"Hapana. Nilidhani mwalimu ananitongoza."

"Iko wapi?"

"Chumbani."

"Si uende uvae."

Nilikwenda. Ilikuwa chini ya nguo nyingine, imekunjwa vile vile nilivyoitoa kwenye kikapu. Nikaingiza mkono mmoja, nikaingiza wa pili, nikarudi mezani nikijaribu kufunga vifungo, vidole vikawa havishiki. Mama akasimama. Akaanza kifungo cha chini, akapanda, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, akanishika kola akaivuta pamoja.

Ndipo lilipotoka. Halikuwa kwikwi za mtu mzima wa mjini. Lilikuwa yowe, lile la langoni, na liliniumiza koo. Nilimwita baba. Nilimwita kwa majina ya sifa ambayo sikujua kwamba nayajua. Nilikwenda kutoka meza hadi mlango na kutoka mlango hadi meza, na mama hakunizuia, alisogeza kiti tu nisikigonge. Lilidumu mpaka jirani akatoka kwake mvuani akaja kugonga dirisha, akauliza kwa hofu ni nani amefariki.

"Ni mzee wangu," mama akamjibu.